Unguja kwa Mfuko wa Mfanyakazi

Jioni moja ya mwezi wa Mei, mvua ilipokatika kidogo, niliketi na wanangu wawili ukingoni mwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Vijana wasiopungua hamsini walikuwa wakicheza kandanda, timu nne juu ya majani yale yale, mipira ikipishana na hakuna aliyegombana. Mwanangu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi, akaniuliza ni nani mwenye uwanja ule. Nikamjibu kuwa ni wa watu wote. Akafikiri kidogo, kisha akauliza tena: “Tangu zamani?”

Tangu zamani, hapana. Pahala hapo palikuwa sehemu ya hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng’ambo, hori ambalo lilifukiwa kidogo kidogo katika karne iliyopita. Wakati wa utawala wa Waingereza, eneo hilo lilitengwa kwa ajili ya michezo ya wanachama wa Klabu ya Waingereza, ile iliyoanzishwa mwaka 1888 na ambayo jengo lake la Shangani wengi hulijua kwa jina la Africa House. Palichezwa tenisi, palichezwa kriketi, na palichezwa gofu. Mkaazi wa Ng’ambo aliyetaka kuingia mjini aliwaona mabwana hao wakitembea taratibu nyuma ya kijipira cheupe, akapita zake. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliufunga ukurasa huo, na leo mashimo ya gofu hayaonekani tena.

Nimeanza na gofu kwa sababu maalumu. Kwa muda wa miaka minne familia yangu ilikuwa ikiahirisha safari ya Unguja, ingawa kutoka Dar es Salaam boti ya kasi huchukua kiasi cha saa mbili tu. Kila mwaka tulisema fedha hazitoshi. Mwisho wake, mwanangu huyo huyo aliniambia kwa utulivu kabisa, kama mtu asemaye jambo lijulikanalo na wote: “Mama, Zanzibar si ni ya Wazungu?” Alikuwa amekwisha kuona matangazo ya kutosha. Neno lile lilinichoma, nikaanza kupiga hesabu upya.

Gofu yenyewe haikupotea kisiwani. Huko Mangapwani, kaskazini ya mji, hoteli ya Sea Cliff ina uwanja wa mashimo tisa unaotazama bahari. Sichezi gofu, wala sidhani kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu wanacheza. Hata hivyo wachezaji wa gofu wana elimu moja inayofaa kuazimwa. Familia nyingi za Unguja zina jamaa Maskati na Dubai, na hao watakusimulia mambo ya gofu ya jangwani. Zamani wafanyakazi wa makampuni ya mafuta huko Ghuba walicheza juu ya mchanga uliomwagiwa mafuta ili ushikane. Mwaka 1988 ndipo klabu ya Emirates ya Dubai ilipofungua uwanja wa kwanza wa majani katika nchi hizo, majani ambayo bila ya kunyweshewa maji kila siku yangekauka upesi. Uwanja wa namna hiyo ni ghali wakati wa baridi, watalii wanapofurika. Lakini ifikapo Julai na Agosti, joto likipita nyuzi 40, watalii hukimbia na ada hushuka. Mchezaji mwenye kipato cha wastani huamka alfajiri, hucheza kabla jua halijapanda, naye hulipa sehemu tu ya ada ya msimu wa baridi.

Hesabu ya Unguja ni hiyo hiyo, isipokuwa badala ya joto sisi tuna mvua.

Mwaka wa kisiwa huendeshwa na pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Juni hadi kiasi cha Septemba. Nyakati hizo mbili ndizo watalii wanapojaa, na vyumba hupanda bei. Katikati yake kuna masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba. Katika masika baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango kabisa, na zile zinazobaki wazi husikiliza maneno ya mtu. Vuli kwa maoni yangu ndiyo bora zaidi kwa familia: mvua zake si nzito kama za masika, na maembe yanaanza kuingia sokoni. Ila sisi tulikwenda Mei, kwa kuwa ndipo likizo yangu ilipoangukia.

Tulifikia nyumba ya wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima aliyejifunga kanga mbili, ameketi barazani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni, poleni na safari.”

Bei iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya dola. Nikamweleza kwa adabu kuwa sisi ni watu wa mshahara, tumetoka Bara, na tutalala siku tatu. Akacheka. “Mshahara wa mwezi gani huo unaoletwa Unguja? Haya, mwezi wa Mei kitanda hakina mtu. Nipe unachoweza, usinivunje.” Nikampa chini ya nusu ya bei ile, akaipokea. Usiku wa kwanza dari lilivuja, tukaamka kusogeza kitanda. Bibi akaja na beseni na taa, akaomba radhi, na asubuhi akatuletea chapati na chai ya tangawizi bila ya kutudai senti. Nami siwezi kuficha kwamba godoro lilikuwa na unyevu siku zote tatu. Anayetaka urahisi wa masika na aikubali masika yenyewe.

Mjini, starehe kubwa kuliko zote haina kiingilio. Ni kutembea. Milango ya nakshi, baraza za mawe, wazee wa bao, harufu ya kahawa. Yote hayo ni bure. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa na kukarabatiwa mwaka 2009, hujaa majiko ya mishkaki na pweza jioni. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole, kwani mgeni anayekula kwanza na kuuliza baadaye huenda akalipa bei ya watalii. Sisi tulikunywa maji ya miwa Forodhani, tukala urojo na boflo upande wa Darajani, na watoto walishiba.

Watoto niliwaonyesha pia Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuwaua mafundi wawili. Walikaa kimya. Kuna sehemu za historia zinazotoza kiingilio, na huko raia hutozwa pungufu kuliko mgeni, hivyo kitambulisho kisisahaulike nyumbani.

Shamba na pwani huendewa kwa daladala: nambari 116 Nungwi, 309 Jambiani, 310 Makunduchi. Gari ya kukodi inayosimama mbele ya mahoteli itakuomba mara nyingi zaidi ya hapo. Tulichagua Jambiani, tukafika bahari imekupwa, kwa kuwa ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yamekwenda mbali mno, na juu ya mchanga akina mama walikuwa wameinama wakifunga mwani kwenye kamba. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani hiyo mwaka 1989. Wanangu walitembea nao karibu saa nzima, wakifundishwa majina ya kaa na chaza, na hakuna aliyetutoza chochote. Mwenye nafasi mwezi wa Julai na aende Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, wanaume wanapopigana kwa makuti ya migomba na kila nyumba hutafuta mgeni wa kumlisha. Hapo mgeni maskini ana heshima sawa na tajiri. Na anayekwenda mwezi wa Ramadhani akumbuke kuwa mchana migahawa ya wenyeji hufungwa. Chakula na uchangamfu huanza magharibi.

Sasa niseme neno la ukali kidogo. Punguza gharama ya chumba, punguza gharama ya chakula, lakini usipunguze gharama ya chombo cha baharini. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba, na mamia walipotea. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe, kusi ikivuma. Chombo kikionekana kimejaa, shuka. Tiketi iliyopotea hulipika. Raia hulipa nauli kwa shilingi, na watoto hulipa pungufu, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Kuna jambo jingine ambalo mchezaji wa gofu wa jangwani huweza kulisahau na msafiri wa Unguja asilisahau: maji. Upande wa mashariki na kaskazini ya kisiwa ni nchi ya mawe ya matumbawe, yenye udongo haba na visima vyenye chumvi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Kiingereza la Tourism Concern ulionyesha kuwa nyumba moja ya mwenyeji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195. Niliwasimulia wanangu habari hiyo ndani ya daladala, na yule mdogo tangu siku hiyo huoga kwa kopo moja, jambo ambalo sikumwagiza.

Nirudi Mnazi Mmoja. Mpira uliruka ukaja ukaangukia miguuni mwa mwanangu mkubwa. Kijana mmoja aliyevua viatu akampungia mkono: “We dogo, lete! Au ingia, tumepungukiwa beki.” Mwanangu alinitazama kwanza. Nikamwambia avue ndara zake aziache kwangu. Matone yakaanza tena kuanguka, na wenye akili wakakimbilia chini ya miti. Wale wa uwanjani hawakuondoka, naye hakuondoka.