Nuru Iliyonipa Kazi

Msomaji, nataka kukusimulia jinsi mchezo wangu ulivyogeuka kuwa kazi, na jinsi kazi hiyo ilivyokaribia kuniaibisha kabla ya kunilisha. Sikusimulii ili uniige. Huenda wewe wapenda kushona, kuchora, kupika vitumbua au kufungua redio mbovu uone kilichomo, na wakubwa wako wakuambia kuwa hiyo ni burudani tu ya baada ya masomo. Hata mimi naliambiwa hivyo, na kwa muda wa miaka miwili maneno hayo yalikuwa kweli.

Nalikuwa karani katika kampuni moja ya kupokea na kutoa mizigo bandarini Mombasa. Kazi ya karani ni kuandika yale ambayo wengine wamekwisha kuyaamua. Basi ikifika jioni mkono wangu ulitamani kufanya kitu ambacho asubuhi hakikuwako. Mwaka wa 2018 nikaagiza kutoka Uchina mashine ndogo ya leza kwa shilingi 38,000, fedha nilizoziweka kidogo kidogo. Ilikuja vipande vipande katika sanduku la karatasi ngumu: vyuma vinne vya fremu, mikanda, mota, na kijisanduku cheusi kidogo kuliko ngumi, ambacho ndani yake ndimo ilimokuwa nuru yote. Mke wangu alikitazama akauliza, "Fedha zote zile ndizo hizi?" Sikuwa na jibu.

Yafaa ujue nuru hii ni nuru gani. Nuru ya taa hutawanyika kila upande, tena ina rangi nyingi ndani yake. Nuru ya leza ni ya rangi moja, na mawimbi yake hutembea kwa hatua moja kama askari katika gwaride. Kwa sababu hiyo yaweza kukusanywa na kioo hata ikaishia katika nukta ndogo mno, na hapo joto lake huunguza ubao. Albert Einstein alieleza mwaka wa 1917 kanuni ambayo leza imesimama juu yake. Walakini hapakuwa na mtu aliyeiwasha mpaka mwaka wa 1960, Theodore Maiman alipofanya hivyo huko California kwa fimbo ya yakuti. Mwaka wa 1964 Kumar Patel alitengeneza leza itumiayo hewa ya kaboni dioksidi, na jamaa za hiyo ndizo mashine kubwa zikatazo mbao na plastiki viwandani hata leo. Yangu ni ya ukoo mwingine: nuru yake ni ya buluu, hutoka katika dayodi, na nguvu yake ni wati 10. Wati 10 zaonekana haba. Lakini zikikutana katika nukta moja zaweza kuharibu jicho kabla ya kope kuwahi kufumba. Tangu siku ya kwanza hapana aliyeruhusiwa kuingia katika chumba kile bila ya miwani ya kukinga, hata mama mkwe wangu, ambaye aliiona miwani ile kuwa ni kejeli.

Miaka miwili nilicheza. Nalijifunza kuwa mbao hazifanani kama vile watu wasivyofanana. Msaji una mafuta na hutoa alama nyeusi ya kupendeza. Mbao za tabaka zilizogundishwa kwa gundi hudanganya, kwa kuwa juu zaonekana sawa, ilhali ndani mna madoa ya gundi yanayokataa kuungua. Kioo cheupe hakichoreki kabisa kwa nuru ya buluu, maana hupita ndani yake kama jua lipitavyo dirishani; lazima kwanza ukipake rangi nyeusi. Nalichora majina ya watoto, ramani ya kisiwa cha Lamu, na siku moja nakshi ya mlango wa zamani niliyoipiga picha Mji wa Kale.

Kibao hicho cha nakshi nilimpelekea mjomba wangu. Mjomba ni mchonga milango aliyezaliwa Lamu, na amepata kuchonga tangu alipokuwa mtoto wa miaka 12. Nilimwamkia, akaniitikia, akakishika kibao, akakipapasa kwa kidole gumba. Hakutazama, alipapasa.

"Nani amechonga hii?"

"Mashine, mjomba."

"Haijachonga," akasema. "Imeunguza. Nakshi ina bonde na kilima, mwanangu. Hii ni picha ya nakshi." Akanirudishia.

Naliondoka nimeudhika, nami nakuungamia kuwa niliudhika kwa sababu alisema kweli. Leza ndogo haichimbi kina kama patasi. Alama yake ni moshi ulioganda juu ya mti. Ilinichukua muda mrefu kufahamu kuwa chombo kinachojua mpaka wake hufaa, na kisichoujua huleta aibu.

Maradhi ya Korona yalipoingia nchini mwaka wa 2020, kampuni yetu ilipunguza makarani, nami nikawa mmoja wao. Mchezo wangu ukawa ndicho kitu pekee nyumbani ambacho kingeweza kuleta shilingi, na karo ya binti yangu ilikuwa ikingoja Januari, shule zitakapofunguliwa tena. Mwisho wa mwaka jirani mmoja aliyekuwa akioza aliniagiza vibao 120 vya funguo vya kuwapa wageni, kila kimoja kikiwa na majina ya maarusi. Aliuliza bei. Nikasema shilingi 60, kwa kuwa nilimwona anataka kusikia shilingi 60.

Kazi ilipokwisha nalipokea shilingi 7,200. Ubao ulinigharimu 1,900, pete za funguo 1,200, nauli 500. Zikabaki 3,600. Nalizimwaga mezani mbele ya mke wangu kwa fahari ya mvuvi aliyevua nguru. Yeye hakuzitazama. Alichukua kalamu akauliza kibao kimoja huchukua muda gani katika mashine. Nikamwambia dakika tisa. Vingapi viliharibika? Kumi na vinne. Basi vibao 134 kwa dakika tisa ni yapata saa 20. Na kuchora, kupiga msasa, kutia pete? Saa 16 nyingine. Akagawanya: shilingi 3,600 kwa saa 36 ni shilingi 100 kwa saa. "Na mashine ikichoka," akasema, "utanunua nyingine kwa fedha ipi?" Dayodi huzeeka kwa kutumika; basi tukakata shilingi 30 kwa kila saa nuru inapowaka, yaani shilingi 600. Zilizosalia hazikufika shilingi 84 kwa saa.

Msomaji, kaa kidogo na hesabu hiyo, kwa maana ndiyo iliyonitenga na mchezo. Anayecheza huhesabu alichotoa mfukoni. Anayefanya biashara huhesabu pia uhai wake, uhai wa chombo chake, na vile vibao 14 vilivyoingia jaani. Sikuwa nimemwibia mtu, bali nalijiibia mwenyewe huku nikichekelea. Agizo jingine la namna ile lilipokuja nilitaja shilingi 110. Mteja yule alitoka nje akaenda zake. Wa pili pia. Wa tatu alikubali, akaniachia shilingi 9,000 baada ya gharama zote, yaani shilingi 250 kwa saa ya kazi ileile. Usiku wa kumpoteza yule mteja wa pili sikulala vizuri, nami sitakudanganya kuwa nalikuwa na moyo wa simba.

Zipo fedha ambazo nilizikataa pia. Kijana mmoja alileta mikoba 40 ya ngozi ya bandia atiliwe jina la duka lake. Ngozi ile ilikuwa ya plastiki iitwayo PVC, ambayo ndani yake mna klorini. Ikiunguzwa kwa leza hutoa hewa ya tindikali inayochoma mapafu na kula vyuma vya mashine. Alisema fundi mwingine amekubali. Nikamjibu kuwa huenda fundi huyo ana mapafu ya akiba. Wengine waliniletea nembo za vilabu vya mpira vya Uingereza, ambazo ni mali ya wenyewe, na kuziuza bila ya idhini yao si halali. Katika hili nalipoteza wateja wengi kuliko katika bei.

Nalikata leseni ya kaunti, nikakodi chumba chenye madirisha mawili ili moshi upate pa kutokea, na karo ikalipwa. Ningeweza kuishia hapa, nawe ungeniona mtu hodari. Walakini yaliyotukia mwaka wa 2022 hayaniruhusu.

Alikuja mzee mmoja, mtu wa Taita, umri wake karibu miaka 90. Alikuwa amefiwa na mkewe. Alitaka msalaba wa mbao wenye jina lake, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Msafara ungeondoka Mombasa alfajiri ya siku ya tatu kwenda kuzika. Aliniandikia kila neno katika karatasi kwa mwandiko wa watu waliosoma zamani, herufi zimesimama wima. Nami siku hiyo nalikuwa na kazi nne. Nilipiga herufi haraka, nikawasha mashine, nikaenda kula.

Jioni ya siku ya pili, yapata saa moja, mzee alikuja kuuchukua. Aliuweka juu ya magoti akausoma kimya. Kisha akasema kwa upole, "Fundi, huyu si mke wangu. Umeandika kazaliwa mwaka wa 1953. Mwaka huo ndio niliomposa."

Karatasi yake ilikuwa bado mezani. Imeandikwa 1935. Tarakimu mbili zimebadilishana mahali, basi, na mtu mzima mwenye msiba ameketi mbele yangu hana hasira hata kidogo. Laiti angalinifokea!

Ubao wa namna ile sikuwa nao, na maduka ya mbao yamefungwa. Nilimwomba mzee aniachie usiku ule, nikamkimbilia mjomba. Nalimweleza. Hakunilaumu; aliinua turubai pembeni mwa karakana yake, akatoa kipande cha mvule kikavu alichokuwa akikitunza. Nikamwambia, kwa haya, kuwa ni cha msalaba. Akasema, "Mti ni mti, na msiba ni msiba. Twende."

Tuliupasua, tukaunganisha, tukapiga msasa, na saa nne za usiku nikawasha mashine. Safari hii nilisoma karatasi kwa sauti, tarakimu moja moja, na mjomba akaitikia kila moja kama mtoto wa chuoni. Jina likatoka. Mwaka wa kuzaliwa ukatoka, 1935. Kisha, kabla ya saa sita, umeme ukakatika.

Tulingoja saa moja. Tukangoja ya pili. Mjomba akauliza, "Kimebaki nini?" Nikamwambia, mwaka wa kufa. Akaomba taa, akafungua mfuko wa patasi zake, na katika mwanga ule, macho yake yakiwa karibu kugusa mti, akachonga 2022 kwa mkono. Nalishika taa. Hakuna kazi nyingine niliyokuwa naweza kufanya.

Alfajiri mzee alipapasa maandishi yote, kama mjomba alivyopapasa kibao changu miaka ile. Nilikataa malipo. Akashukuru, akaubeba, na alipofika mlangoni akageuka akasema, "Mwaka huu wa chini ni mzuri kuliko wa juu."

Tangu hapo mna daftari juu ya meza yangu. Mteja huandika mwenyewe maneno anayoyataka, huyasoma kwa sauti, kisha hutia sahihi. Wengine huona ni usumbufu. Wanafunzi waliokuja kuagiza ngao za zawadi za shule yao walicheka sana kusomeshwa, mpaka walipogundua kuwa jina la mwalimu wao mkuu walikuwa wamelikosea wao wenyewe.

Mwaka wa 2023 mjomba alipata mlango wa kuchonga, wa mbambakofi, kazi kubwa kuliko zote alizopata kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho. Kuchonga aliweza, kwa kuwa vidole vyake huona. Kuchora mistari ya kufuata hakuweza tena. Hakuniomba. Alisema tu kuwa mashine yangu haina sakafu, na kitu kisicho na sakafu chaweza kusimamishwa juu ya ubao popote. Nalifahamu. Tuliisimamisha juu ya mhimili wa mlango kama kitanda juu ya mkeka. Ikimaliza sehemu moja tunaisogeza mbele na kuilinganisha kwa misumari miwili, tukaendelea hivyo kwa siku nne, nuru ikiandika maua na mnyororo, naye akifuata nyuma kwa patasi, akigeuza moshi wangu kuwa bonde na kilima.

Malipo tuligawana kwa hesabu ya saa. Mke wangu ndiye aliyeandika.

Siku ya mwisho mjomba alipitisha kidole gumba juu ya mstari wa mwisho niliouchora, kabla hajauchonga, akakunja uso.

"Upunguze unene," akasema. "Patasi yangu haihitaji kuambiwa mara mbili."