Kipenyo cha Duara

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, twaambiwa mara kwa mara hapa Kigali kuwa ni lugha ya soko na gereji za Nyamirambo, haiwezi hesabu. Basi tukaleta darasani kikapu bapa cha kusukwa, tukawataka wanafunzi watafute kipenyo chake.

Neno hili latokana na kupenya: mstari huingia ukingoni, hupita kitovuni, hutokea ng'ambo. Kinyarwanda husema umurambararo, na kurambarara ni kulala ukajinyoosha. Lugha moja hulipenya duara, jirani yake hulala ndani yake. Kwetu sisi zote zimesema kweli.

Kundi la kwanza lilizungusha uzi, likapata mzingo wa sentimita 94, likagawanya kwa 3.14: 30 kasoro kidogo. La pili lilisogeza rula huku na huku likitafuta mstari mrefu kupita yote. Ndipo binti mmoja, ambaye muhula mzima hatukumsikia akitamka sentensi ya Kiswahili, alipoweka kidole penye jicho la kikapu, pale msusi alipoanzia.

"Mwalimu, kitovu hiki hapa. Tupime hadi ukingoni, kisha tuzidishe kwa mbili."

Akapima mwenyewe: sentimita 15.