Mlango wa Banda la Gari

Mama yangu ana gari la kuchukulia viazi kutoka Molo hadi sokoni Nakuru. Juu yake pana keria ya chuma ya kufungia magunia, na gari hilo ndilo lililotulisha na kutusomesha, mimi na ndugu zangu wawili. Nyumba yetu ni ya zamani, nayo ina banda imara la mawe. Walakini kwa muda wa miaka miwili gari lililala nje, katika mvua na umande, kwa sababu keria haikupita mlangoni. Usiku mmoja wezi walikuja wakang'oa betri na gurudumu la akiba. Asubuhi ile mama hakusema neno. Alitazama mahali betri ilipokuwa, akajitanda shuka yake, akaenda sokoni kwa miguu. Nikaapa moyoni kwamba banda lile litalipokea gari lile, hata ikinibidi kulibomoa.

Nusura nilibomoe kweli. Nilimwita fundi wa vyuma, mzee mmoja wa mtaani kwetu, nikamwonyesha boriti ya zege iliyo juu ya mlango. Nikamwambia aikate kwa kadiri ya shubiri moja.

"Umepima nini, kijana?" akauliza.

"Nimepima gari, mzee."

"Na mlango?"

Sikuwa nimeupima. Akanieleza kwa upole kwamba boriti ile imebeba mawe yote yaliyo juu yake pamoja na paa, na kwamba mwenye kuikata huuita ukuta umwangukie. Nikashauri basi tuichimbe sakafu. Akatazama mteremko wa uwanja, akacheka. Maji ya masika yangeingia katika shimo hilo kabla ya gari.

Mlango wenyewe ulikuwa wa namna ionekanayo katika nyumba nyingi za zamani: ubao mmoja mpana wa mabati na chuma, ambao ukivutwa hupanda wote pamoja, ukaenda kulala chini ya dari. Fundi aliufungua, akapima. Kutoka sakafuni hadi kwenye boriti palikuwa na sentimita 226. Kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo wa mlango uliolala juu palikuwa na 208. Basi sentimita 18 zilikuwa zikiliwa na mlango, nami nilikuwa nikiishtaki boriti bure.

Tena hata kipimo changu cha gari kilikuwa cha uongo. Nilikuwa nimelipima likiwa na magunia, nikapata 211. Fundi aliamuru tulipakue, kisha tukapima upya, likawa 214. Gari lenye mzigo huchuchumaa juu ya springi zake; likipakuliwa husimama. Na gari letu hurudi nyumbani jioni likiwa tupu.

Kazi ya kuung'oa mlango ndiyo ambayo siisahau. Pande zake mbili zilikuwa na springi nene, maana bila hizo mtu mmoja asingeweza kuuinua. Mimi, kwa pupa ya ujana, nilishika spana nikaanza kulegeza nati ya springi, na mlango umefungwa. Fundi alinidaka mkono kwa nguvu nisizomdhania kuwa nazo. Mlango ukifungwa, springi hizo huwa zimevutwa hadi mwisho, na nguvu yote ya kuinua chuma kile imo ndani yake. Zikiachiliwa ghafula huweza kuvunja taya la mtu. Aliuinua mlango hadi juu, akauegemeza kwa magogo mawili, springi zikalegea kabisa, ndipo akanirudishia spana. Mkono ulinitetemeka hata nikaidondosha mara mbili.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Ubao ule ulikatwa katikati, zikawa mbawa mbili za kufungukia nje, kila moja na bawaba tatu. Fundi alisimamisha nguzo za chuma kuta mbili tu, asiweke chuma cha juu, ili pasipotee hata sentimita moja. Aliweka kulabu ukutani za kuzishika mbawa upepo uvumapo, na makomeo ya kushuka sakafuni. Hasara ilikuwa tuta moja la sukuma wiki la mama, kwa kuwa mbawa zilihitaji mahali pa kuzungukia. Mama alilinung'unikia tuta hilo kuliko gharama zote.

Jioni ile aliliingiza gari mwenyewe. Nilisimama ndani na tochi nikimulika keria, naye akaja polepole, kichwa nje ya dirisha. Keria ilipita chini ya boriti, ikabaki nafasi ya sentimita 12. Akazima injini, akakaa kitini kitambo kirefu bila kushuka. Kisha akaniuliza kama komeo la chini limefika sakafuni.