Mvuvi Aliyeibiwa Chambo

Wengi wetu twamjua Mickey Mouse, yule panya wa sinema za katuni aliyetoka kwa Walt Disney huko Marekani mwaka 1928. Iko sinema yake fupi ya mwaka 1953, iitwayo The Simple Things, ya dakika saba hivi.

Mickey anakwenda pwani kuvua pamoja na mbwa wake, Pluto, akichukua ndoo ya samaki wadogo wa chambo. Pluto anahangaishwa na chaza mchangani; hapo nilicheka kidogo tu. Kisha anakuja shakwe mlafi. Ndege huyo anamwibia chambo, na kila Mickey anapojaribu kumfukuza, mambo yazidi kuharibika. Mwisho shakwe wanakuja kundi zima, na panya na mbwa hawana la kufanya ila kukimbia.

Watoto wangu walicheka hata wakajishika matumbo. Jirani yetu mmoja mzee, aliyelea watoto wake kwa mshipi na ndoana, hakucheka.

“Karani,” akaniambia, “chambo kimekwisha. Jioni watakula nini nyumbani kwake?”

Nikamweleza kwamba Mickey alikwenda kujiburudisha tu.

“Ala! Basi mngalisema mapema,” akajibu, akaomba tuianze tena. Safari hii alicheka kutushinda sote.

Baada ya sinema hiyo Mickey hakutengenezewa nyingine ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema mpaka mwaka 1983. Mzee aliposikia hayo, aliuliza kama ni kwa sababu ya wale shakwe.