Pointi Kumi na Moja

Kwa aliyejifunza mpira wa meza Nshamba enzi za seti za pointi 21, mchezo ulikuwa na nafasi ya kukosea. Mtu aliweza kuachwa 4 kwa 9, akamsoma mwenziwe taratibu, kisha akampata. Mwaka 2000 mpira uliongezwa kipenyo, kutoka milimita 38 hadi 40, ili upungue kasi. Mwaka 2001 seti ikakatwa hadi pointi 11. Ajabu ya waja: mpira umetulizwa, mchezaji akaharakishwa.

Mzee mmoja wa hapo, mwenye kibanja cha migomba na kahawa, aliingia mashindano ya mtaani akatolewa mzunguko wa kwanza: 8–11, 9–11, 11–6, 9–11. Watazamaji wakasema ni umri. Yeye aliketi akahesabu upya, bila ya kujihurumia. Alikuwa amepata pointi 37, kijana yule 39. Miguu basi haikumwangusha, wala jicho. Lakini katika kila seti aliyopoteza, pointi 3 au 4 za awali zilikwenda upande wa pili wa wavu, naye angali anachunguza mkono wa mpinzani. Zamani uchunguzi ule ulilipa. Sasa deni lamfikia mtu kabla hajauza.

Hesabu hiyo huuma kuliko kisingizio cha uzee, maana uzee hauna dawa, na hili lina dawa. Kesho yake alimwita mjukuu wake mezani, akamwambia aanzishe mpira bila ya kumpashia moto.