Taa Isiyowaka

Mwaka jana, mwezi wa tatu, batri mbili za kamio ya baba zilikula minervali yangu. Nilizibeba mwenyewe kutoka dukani, moja begani, nyingine kwenye toroka la jirani, nikijua kwamba jina langu halitakuwa kwenye orodha ya watakaofanya mitihani ya kikao cha kwanza.

Kamio ile ni ya zamani, ya volti 24. Hazitoki kwenye batri moja, bali kwenye mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Baba anabeba nayo unga na simenti kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi. Njia yenyewe si ndefu, kilometa tisini hivi, ila kule mpakani mtu anaweza kupanga mstari siku mbili akisogea mita kumi kumi. Wakati wa likizo mimi ndiye msaidizi wake.

Shida ilianza alfajiri. Ukigeuza ufunguo, demareri inalia «tik» moja, kisha kimya. Siku nyingine inawaka vizuri kama vile haikuwahi kuugua. Tulisukumwa na vijana wa mtaa hapa Katuba mara tatu kwa wiki moja, na kila msukumo una bei yake, maana kamio si baiskeli.

«Batri zimekufa,» baba akasema.

Hakuna aliyeuliza zimekufaje. Kwetu batri hufa kwa kila namna: iliyoishiwa na moto imekufa, iliyooza ndani imekufa, na ile nzima ambayo waya wake umeshika kutu kichwani nayo imekufa. Mafundi wenyewe husema pia «imelala», na neno hilo lina tofauti kubwa, kwa sababu aliyelala huamshwa. Mimi, mwanafunzi wa lugha, nilisikia «zimekufa» nikaenda kutafuta za kuzika. Zile za zamani tukamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kabla mtu yeyote hajazipima.

Batri mpya zilidumu siku nane.

Ndipo baba akakubali kumwita mzee mmoja anayeshughulika na umeme wa magari. Nilitazamia aje na masanduku. Alikuja na testa ndogo, kitambaa na kipande cha karatasi ya msasa. Fundi wa kwanza aliyewahi kutuhudumia alipima alternateri kwa kuchomoa waya wa batri huku mota inazunguka. Mzee aliposikia hivyo alishika kichwa: mchezo huo unaweza kuunguza diodi za alternateri nzima, na vitu vingine pamoja nayo.

Alianza na kamio iliyozimwa tangu jana yake. Batri iliyopumzika usiku kucha husema ukweli. Ile iliyotoka kazini hivi punde hudanganya, huonyesha volti ambazo haina. Batri iliyojaa ingempa 12.6 au 12.7. Ya kwanza ilimpa 12.3, ya pili 11.7. Aliziangalia kama mwalimu anayeangalia karatasi mbili za watoto mapacha, moja imepasi na nyingine imeanguka. Akasugua vichwa vya batri na waya wa masi unaokwenda kwenye shasi, akavuta mkanda wa alternateri, ukawa umekaza vizuri. Tukasukumwa tena, mota ikawaka. Batri zote mbili kwa pamoja zilisoma 24 na kubaki palepale. Ingepaswa kuwa karibu 28.

«Kanyaga,» akamwambia baba. Mota ikapanda, na testa ikaruka ghafla mpaka 28.

«Haijafa,» mzee akasema. «Inangoja kuamshwa.» Kisha akaamuru mota izimwe. «Sasa tia kontakti tu. Usiwashe. Ile taa nyekundu ya batri unaionaje?»

«Haiwaki,» baba akajibu, tena kwa fahari kidogo. «Haijawahi kuwaka mwaka mzima. Ndiyo maana najua alternateri ni nzima.»

«Basi.»

Ile taa, alitueleza, haikuwekwa pale kwa ajili ya kutuonya peke yake. Kwenye kamio kama hii, umeme mdogo unaopita ndani ya ampuli yake ndio unaoiamsha alternateri ianze kazi. Ukitia kontakti lazima iwake. Mota ikishaunguruma lazima izime. Ampuli ikiungua, alternateri hujiamsha yenyewe mota ikienda kasi, lakini kwenye mstari wa Kasumbalesa, mita kumi kumi, taa za mbele zikiwaka, ililala tu na batri zikaliwa.

Niliona aibu ya pekee. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kurasa nne juu ya Saussure, ambaye kozi yake ilichapishwa 1916, kuhusu jinsi kutokuwepo kwa alama kunavyoweza kuwa alama. Nilitoa mfano wa «soma!»: hakina kiambishi cha nafsi mbele, na bado tunajua nani anaambiwa, kwa kuwa «asome» na «tusome» vipo. Nilipata pointi nzuri. Halafu kila alfajiri nilikaa mbele ya taa iliyozimika bila kujiuliza kama iliwahi kuwaka.

Mzee hakuwa amemaliza. Ampuli ya kuamsha haikueleza kwa nini mapacha walitofautiana. Akafuata waya mmoja mwembamba uliotoka kwenye ile batri ya 11.7 peke yake, ukaingia chini ya tablo, mpaka kwenye redio na chaja ya simu. Vitu hivyo ni vya volti 12. Mtu alikuwa amevinyonyesha kwenye batri moja, ikawa inatoa zaidi ya mwenzake na kujazwa sawa naye. Hata na alternateri nzima, jozi hiyo isingefika mbali.

«Nani aliunga waya huu?»

Niliunga mimi, Desemba, kwa ajili ya muziki wa njiani. Nilifungua mdomo.

«Mimi,» baba akasema, bila kugeuka.

Baba hajui hata kutafuta stesheni kwenye redio ile.

Ampuli tuliinunua kwa bei isiyofika soda mbili. Redio imewekewa kipunguza volti kinachochukua kwenye batri zote mbili. Mitihani niliifanya kikao cha pili. Hatujazungumza juu ya ule waya. Ila alfajiri baba akitia kontakti, hangojei mimi nipande. Anainamia tablo, anasubiri, kisha anapaza sauti uani kuniambia imewaka.