Bhalo Upande wa Kwanza

Binti wa ndugu yangu, aliye kidato cha tatu, alipewa kazi ya likizo: amhoji mtu mzima wa nyumbani kuhusu muziki, kitabu, burudani na chakula anachokipenda. Alinijia na daftari, maswali yamepigiwa mstari kwa rula. Tukakwama kwenye la kwanza. Nilimwambia Juma Bhalo. Akaandika, akainua kichwa, akaniuliza, "Ami, huyo ni wa Bongo?"

Mtoto huyu amezaliwa Kisauni. Akipanda matatu pale kituo cha Bombolulu, hata msongamano wa Kengeleni ukiwa mbaya namna gani, atavuka daraja la Nyali na kufika Mji wa Kale kabla soda yake haijaisha ubaridi. Lakini kwake yeye, kila wimbo wa Kiswahili umetoka Dar es Salaam. Sikumkasirikia. Niliwakasirikia wazazi wake, hasa huyo mmoja aliye ndugu yangu, kwa kuwa yeye na mimi tulisimama kwenye kibanda kile kile, tukinusa moshi ule ule.

Kibanda kilikuwa kando ya barabara ya Malindi, hatua chache kutoka kituo. Mabati juu, mbao ubavuni, na spika moja iliyotundikwa nje kwa waya. Mwenyewe alitengeneza redio na kurekodi kaseti. Jina lake silitaji kwa sababu watu wake bado wapo. Sisi tulimwita Fundi na yeye aliitika. Harufu ya mahali pale naijua hadi leo: lehemu inayoyeyuka, spiriti ya kusafishia vichwa vya deki, na juu ya zote mbili mafuta moto, maana mkewe alikuwa na jiko la makaa na karai lake palepale mlangoni. Akikaanga viazi karai, moshi wote ulimwingia mumewe dukani. Kaseti ya Fundi uliijua kwa doa la manjano kwenye karatasi yake. Nilikuwa na moja ya Zein l'Abdin iliyonukia ukwaju mpaka utepe ukakatika.

Fundi aliandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya wino wa buluu, herufi zimelala upande wa kulia, na hakupenda kuharakishwa. Ulimwachia TDK yako tupu leo, ukarudi kesho kutwa. Nyimbo zenyewe alikuwa akizifuata mjini, kwa Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale lililorekodi na kuuza taarabu ya Mombasa kwa miongo mingi. Na alikuwa na sheria zake. Siku moja nilimwomba aniwekee Bhalo upande wa kwanza na Zein upande wa pili.

"Hawa hawakai pamoja, mwanangu," akasema bila kuinua macho kwenye chuma cha lehemu. "Zein wamsikiza umekaa kitako, udi waufuata uzi kwa uzi. Bhalo ni wa mwenye lake moyoni. Wewe una miaka mingapi?"

Nikachukua Bhalo pande zote mbili. Nilikuwa sina langu moyoni, lakini nilitaka kuonekana ninalo.

Wakati huo mji mzima ulikuwa umegawanyika hivyo. Waliompenda Bhalo walipenda sauti ile inayopanda na kung'ang'ania, na tuni nyingine zilizotoka moja kwa moja kwenye filamu za Kihindi. Hakuna aliyeona haya kwa hilo. Waliompenda Zein walijiona wameelimika zaidi, na mara nyingi walikuwa sahihi. Kina mama hawakuushughulikia ugomvi huu. Wao walikuwa na Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, na taishokoto likianza kulia kwa mapigo ya chakacha, hata mkewe Fundi aliacha mwiko. Mwisho wa mwezi waliteremka wafanyakazi wa karakana za watu wenye ulemavu, zile zilizoanzishwa 1969 na ambazo kwa watalii ndizo Bombolulu yenyewe. Wengine walikuja kwa magongo, wengine kwa viti vya magurudumu. Mchana kutwa walikuwa wamefua mapambo ya shaba ya kuvaliwa Ulaya. Jioni walitaka Zuhura. Fundi aliwawekea benchi kivulini na hakumruhusu mtoto yeyote kulikalia.

Ni mwaka gani huo? Nimejaribu kuhesabu kwa daraja. Lile la kuelea, la 1931, lilikuwa limekwisha kutolewa kazini, na hili la sasa la 1980 tulishalizoea. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ya 1982, ilikuwa tayari imetuchosha, kwa kuwa kila hoteli ya pwani ya kaskazini iliipiga usiku kucha. Basi tuseme 1984, au 1985. Ndugu yangu asema 1987. Haidhuru.

Kitabu nacho nilikipata hapo hapo. Chini ya meza, kati ya betri zilizokufa, Fundi aliweka nakala ya *Malenga wa Mvita* isiyo na jalada. Aliitoa pale mteja alipojifanya anamjua Bhalo. "Bhalo yupi?" angeuliza. Kwani wako wawili: Juma Bhalo mwimbaji, na Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi mwenye diwani hiyo ya 1971, ambaye alimtungia binamu yake nyimbo nyingi. Kwa Fundi, anayesifu sauti asimjue mtunzi hajausikia wimbo. Nilikisoma kitabu kile nimesimama, nikisubiri kiazi kipoe, na maneno mengi yalinipita. Fundi ndiye aliyeniambia kwamba mshairi huyo ana nduguye, Abdilatif Abdalla, aliyeandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, na kwamba maandishi hayo yalitoka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Fundi alilisimulia hilo kwa sauti ya chini, huku spika ya nje ameiongeza.

Jumapili palikuwa na kazi nyingine. Freretown ni majirani zetu, na Freretown ni kwao Joseph Ngala. Bango yake, saksafoni ikitembea polepole juu ya mdundo usio na haraka, ilisikika harusini na matangani. Fundi, mtu wa taarabu hasa, alisema huo si muziki wa kununua bali wa kualikwa. Lakini alikuwa nazo kaseti, nami nilizinunua.

Kinachoniudhi ni hiki. Miaka ya baadaye nilikuta rekodi za taarabu ya Mombasa za 1965 hadi 1975 zimetolewa Ufaransa na Buda Musique, zimesafishwa vizuri, zina maelezo mazuri, picha nzuri. Mfululizo wenyewe unaitwaje? *Zanzibara*. Mombasa imewekwa namba mbili kwenye mfululizo wenye jina la Unguja. Nawashukuru waliozihifadhi, maana sisi wenyewe tulirekodi juu yake mahubiri na mechi za mpira. Lakini mtoto akiniuliza kama Bhalo ni wa Bongo, nitamlaumuje?

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Zikaja CD za kunakiliwa, zikaja redio za FM zenye watangazaji wanaozungumza juu ya wimbo mpaka uishe, ikaja flashi, ikaja simu. Fundi akageukia chaja, kisha macho yakamkataa. Nyota Ndogo alinifurahisha, na Susumila ana nyimbo ambazo ninazisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Bhalo alifariki 2014, Zein 2016. Halafu barabara ya Malindi ikapanuliwa, vibanda vya kando vikavunjwa, na pale palipokuwa na benchi la kivulini sasa pana lami, wala hapana kivuli. Barabara tulihitaji, sikatai. Lakini kwani kati ya Kengeleni na Mtwapa hapangeweza kubaki hata mwarobaini mmoja?

Jambo moja lilinishangaza nilipokuwa nikimjibu binti huyu. Siku zile hakuna nilichokichagua mwenyewe. Nilipenda kilichopigwa na spika ya Fundi, nilisoma kilichokuwa chini ya meza yake, nilikula kilichotoka kwenye karai la mkewe, na wenzangu wote vivyo hivyo. Ndiyo maana tuliweza kugombana kuhusu Bhalo na Zein, sote tukiwa tunawajua. Binti huyu anaweza kuchagua chochote duniani. Ana vipokea sauti masikioni, mdogo wake ana vyake, wamekaa kochi moja na hakuna ajuaye mwenziwe anasikia nini. Hawagombani kabisa.

Daftari lake hata hivyo lilijazwa. Muziki: Bhalo, akifuatiwa na Ngala. Kitabu: *Sauti ya Dhiki*, ambacho sasa nakielewa zaidi nikiwa nimekaa. Burudani: nilimwambia aandike "kubishana", akakataa, akaandika "mpira". Chakula: viazi karai, kwa sharti. Vingi vya siku hizi vinarashiwa sosi ya nyanya ya chupa iliyoongezwa maji, na muuzaji anakutazama usoni anapofanya hivyo. Mimi nanunua kwa kijana mmoja wa upande wa Ziwa la Ng'ombe. Ukwaju wake ni wa kweli, nimemwona akiuloweka na kuukamua kwa mkono, na pilipili anaisaga mwenyewe. Tatizo ni spika yake, inayotikisa hata mafuta karaini. Juzi nilimwambia nitamletea nyimbo za Bhalo kwenye flashi. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Lete tu, mzee. Nitazipiga asubuhi, kabla wateja hawajaja."